Alama ya Utomvu wa Mgomba

Asubuhi ile Shamsia aliamka kabla yangu, kama siku zote. Nilimsikia akichochea moto, kisha akisugua chungu kwa majivu. Ulikuwa wakati wa kipupwe, ukungu umejaa mpaka mlangoni. Bega langu la kulia huuma wakati huo. Nikajifunika tena.

Akaniwekea uji karibu na kitanda. Akapanga vitunguu katika tenga, akajitwika. Alikuwa anashuka mjini kuuza. Alipofika mlangoni akageuka.

"Jua limetoka, wewe umelala. Leo sikuandikii."

Nikamwambia, "Usiandike."

Akaenda zake. Sikuinuka kumtazama.

Habari hiyo ya kuandika ilikuwa mazoea ya nyumba yetu kwa miaka mitano. Wajukuu waliicheka bila kujua ilikotoka. Ilitoka bomani. Naieleza kwa kuwa mtu akitaka kumjua Shamsia alikuwa mwanamke wa namna gani, hiyo inatosha.

Alizaliwa hapa hapa mlimani, mwendo wa saa mbili kupanda kutoka Morogoro mjini. Alizaliwa juu ya ardhi ya mama yake, na mama yake alizaliwa juu ya ardhi ya bibi yake. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa wanawake. Ni mali ya ukoo wa mama, sisi husema lukolo. Mwanamume akioa humfuata mke, hujenga kwao na hulima kwao. Akifa, shamba halimhusu, wala watoto wa dada yake hawana la kusema hapo. Mimi ni wa lukolo lingine, la bondeni upande wa Mikese. Nilimfuata Shamsia nikiwa na kisu, mkeka na bega zima.

Hilo bega ndilo lililokuwa kazi yangu. Nilikuwa mpagazi. Nilibeba pembe na mabunda ya nguo kati ya Bagamoyo na Tabora, misimu isiyopungua ishirini. Nikirudi nalima, nikiitwa naondoka. Shamsia alizoea. Alimzaa Mwajuma, mtoto wetu pekee, nikiwa Mpwapwa.

Kisha reli ikafika Morogoro. Mzigo tuliokuwa tukiuleta kutoka pwani kwa siku kumi ukawa unashuka kwenye gari la moshi siku ile ile. Hakuna aliyetufukuza. Hatukuitwa tena, basi.

Mwaka uliofuata boma la Wadachi likatangaza kuwa wanaume wote wasio na kazi waende kuandikwa. Tulishuka watu kumi na wanane kutoka mlima wetu, wengi wetu wapagazi wa zamani. Karani alikuwa kijana wa pwani, kanzu yake nyeupe, kalamu ameichomeka juu ya sikio. Alikuwa mpole. Alikuwa na haraka tu.

"Jina?"

"Pazi."

"Kazi?"

"Mpagazi."

"Upagazi umekufa, mzee. Una shamba?"

"Nalima, lakini shamba si langu. La mke wangu."

"La mke si lako?"

"Hapana, bwana. La lukolo lao. Mimi nalima tu."

Akanitazama. "Kwa hiyo huna shamba."

"Sina."

Akaandika. Walionifuata walijibu vivyo hivyo, kwa sababu ndiyo kweli. Watu wa pwani waliohamia mjini waliulizwa swali lile lile, wakasema shamba langu, wakapewa karatasi ya kwenda kulima kwa amani. Sisi kumi na wanane tuliandikwa kuwa hatuna shamba, na kila mmoja alikuwa na udongo kwenye kucha.

Asiye na shamba alipewa kipande. Ilikuwa karatasi ngumu yenye mistari ya wiki, kila wiki vyumba saba. Ilitakiwa mtu apate siku thelathini za kazi katika miezi minne, kwa tajiri mwenye shamba anayeuza mazao, na tajiri aweke alama kwenye chumba cha siku ile. Aliyekosa tajiri alifika bomani kila Jumatatu kuonyesha kuwa ametafuta. Alipaswa kuwa na alama za mashamba matatu yaliyomkataa. Akiwa nazo alipewa kibaba cha mahindi. Asipokuwa nazo hapati. Na miezi minne ikiisha bila siku thelathini, alipelekwa kujenga reli mbele ya Kilosa, miezi sita.

Waliotutangulia kwenda huko, baadhi hawakurudi. Homa. Mimi nilikuwa siwezi kuinua mkono wa kulia kupita sikio. Shamsia alijua, nami nilijua, kwamba nikipanda gari lile sitarudi nalo.

Nikaanza kutafuta. Nilikwenda shamba la mpira Kingolwira. Mnyapara akaniambia, "Inua mkono."

Nikainua.

"Ndiyo umefika hapo?"

"Nimefika."

Akaniwekea alama ya kunikataa. Nikaenda shamba la pamba, nikaenda la katani. Kote ni inua mkono. Wiki ya tatu nilipofika tena Kingolwira yule mnyapara alikuwa anakula muhogo.

"Mzee, wewe tena? Unakuja kuomba kazi au kuomba alama?"

"Alama, bwana."

Akacheka mpaka akapaliwa. "Wewe angalau husemi uongo. Lete."

Tulikuwa tukienda pamoja na Maneno, mpagazi mwenzangu, aliyeoa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Maneno hakuwa na adabu ya kunyamaza. Jumatatu moja kwenye mstari wa mahindi alisema kwa sauti, "Zamani tulilipwa kwa kubeba. Leo tunalipwa kwa kukataliwa. Nikikataliwa vizuri nitapata vibaba viwili?" Askari akampiga teke dogo, lakini naye alikuwa akicheka.

Miezi miwili na siku zake ikapita hivyo. Kipande changu hakikuwa na alama hata moja ya kazi.

Mjomba wa Shamsia, mzee Mwinjuma, ndiye mkubwa wa lukolo lao. Alikuja jioni moja akakaa. Nikampa shikamoo, akaitikia.

"Nasikia wanasema Pazi arudi bomani aseme shamba ni lake," akasema. Alikuwa anamwambia Shamsia, si mimi.

"Wanasema," Shamsia akajibu.

"Akiandikwa Pazi kwenye kitabu cha Wadachi, siku Pazi akifa wapwa zake watapanda huku na karatasi mkononi. Mwajuma atalima wapi?"

Nikasema, "Mjomba, hata mimi sitaki."

"Najua hutaki. Kitabu hakijui."

Akaondoka bila kula. Shamsia alikaa akimenya maharage mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Waliandika huna shamba?"

"Ndiyo."

"Basi wameandika kweli. Na mwenye shamba ni nani?"

"Wewe."

"Nauza vitunguu mjini au siuzi?"

"Unauza."

"Haya. Kalale."

Kesho yake akashuka bomani, nami nyuma yake. Karani alimsikiliza, akaweka kalamu chini.

"Mama, unataka nikuandike wewe kuwa tajiri wa mume wako?"

"Mmesema yeye hana shamba. Mimi ninalo. Nataka mtu wa kulima. Huyu hapa hana kazi."

"Haijapata kutokea."

"Hata gari la moshi halijapata kutokea."

Akamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi. Akaambiwa Bwana Shauri, yule Mdachi wa kuamua kesi, amesafiri. Akarudi tena, akaambiwa bado anasoma barua. Kila mara alibeba tenga la vitunguu, ili safari isiwe bure. Wiki ya tatu Bwana Shauri akatoka barazani mwenyewe. Akamtazama Shamsia, akanitazama mimi, akasema maneno mawili matatu kwa karani.

"Anauliza utamlipa nini."

"Chakula, na shuka moja siku thelathini zikitimia. Nitamkabidhi hapa mbele yenu."

"Anakubali. Lakini sikiliza, mama. Akida atazunguka bila kupiga hodi. Ikionekana siku moja tu ina alama na kazi haikufanywa, kipande kinachanwa, mumeo anakula viboko ishirini na tano na kwenda relini siku hiyo hiyo. Nawe utalala ndani."

"Nimesikia."

"Utaweka alama gani? Unajua kuandika?"

"Sijui. Nitaweka utomvu wa mgomba."

Karani hakuelewa. Shamsia alikuwa amekuja na kipande cha shina la mgomba ndani ya tenga. Akakikata, akachovya ncha ya kijiti, akagusa pembeni mwa karatasi. Mara ya kwanza ilikuwa kama maji tu. Baadaye ikageuka kahawia. Karani akalamba kidole akasugua. Akasugua tena. Nguo ya kila mkulima wa mlima huu ina madoa hayo, na hakuna sabuni iliyoyashinda.

"Haya," karani akasema. "Hii hata mimi siwezi kuifuta."

Wakati huo zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nilidhani nitakuwa nimelala kitandani kwangu huku kipande kikijaa. Sikumjua mke wangu, baada ya miaka yote ile. Asubuhi ya kwanza alinipa jembe kabla ya uji. Alinipangia ngazi tatu za vitunguu pale mteremkoni, nipalilie na kuinua udongo ulioporomoka. Jioni akapita akitazama chini, hakunitazama usoni. Akakata mgomba akaweka alama.

Siku ya mvua kubwa hatukulima. Hakuandika. Nikasema mvua si kosa langu. Akasema si kosa la mtu, lakini kazi haikufanyika. Siku nyingine niliamka bega limekaza, nikaenda shambani adhuhuri. Jioni nikamletea kipande.

"Ulianza saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Nusu haiandikwi. Chumba ni kimoja."

"Mama Mwajuma, ni mimi."

"Nimekuona kuwa ni wewe."

Majirani walifurahi mno. Maneno alikuwa akipita chini ya shamba kwa makusudi. "Pazi! Tajiri wako hajambo? Mwambie anitafutie na mimi mke mwenye kipande!" Mke wa Maneno alipokwenda bomani kuomba vile vile alikataliwa, kwa kuwa hakuwa anauza kitu mjini. Maneno akaendelea na alama zake za kukataliwa.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Nilikuwa na siku ishirini na nane. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka. Jioni ile mtu akapita na habari kwamba Hatibu amekufa Mikese, na hitima yake ni kesho. Hatibu alikuwa kirongozi wetu. Ndiye aliyekuwa akitangulia na bendera mbele ya safari. Nilipougua Tabora alinibebea mzigo wangu juu ya wake, siku nne.

Nikamwambia Shamsia.

"Nenda," akasema. "Hatibu si wa kukosa."

"Nitarudi Jumamosi usiku. Utaniandikia siku hizo mbili."

"Kwa kazi gani?"

"Mama Mwajuma."

"Nauliza. Nikimwambia karani ulipalilia, ulipalilia wapi? Mikese?"

"Ukiacha, napungukiwa. Unajua nikipungukiwa kuna nini."

"Najua kuliko wewe."

"Basi weka. Nani atajua?"

Alikuwa ameshika kile kijiti. Akakichomeka kwenye nyasi za paa. "Utomvu hautoki. Nikiuweka umewekwa."

Nililala na hasira, na alfajiri nikaondoka bila kuaga. Njia nzima mpaka Mikese nilikuwa nahesabu. Nikifanya kazi Jumapili nitakuwa na ishirini na tisa. Niliona mke wangu ananipeleka relini kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwaza vibaya. Nasema ilivyokuwa.

Hitima ilikuwa kubwa. Tulikaa sinia kwa sinia. Wapagazi wa zamani walikuwa wengi, mabega yote yana sugu. Kwenye sinia la pili kutoka langu alikuwa akida, amevaa joho. Alikuwa amemjua Hatibu zamani. Aliniona, nami nikampa shikamoo. Sikuwaza zaidi.

Niliporudi Jumamosi usiku nilikuta ugali umefunikwa. Vyumba viwili vilikuwa vyeupe. Jumapili nililima toka alfajiri mpaka giza. Akaweka alama.

Jumatatu tukashuka wote wawili. Alibeba tenga na ile shuka. Nilishangaa kwa nini anabeba shuka ya mtu anayekwenda relini, lakini sikuuliza.

Barazani kwa karani akida alikuwa amekaa kwenye benchi. Mbele yetu walikuwa wanaume wawili wa bondeni, waliopata alama kwa ndugu yao mwenye shamba la pamba. Vipande vyao vimejaa, thelathini kamili. Akida akanyoosha kidole kwenye vyumba vya Ijumaa. "Hawa walikuwa Mikese wanakula wali. Niliwapakulia mwenyewe." Karani akachana karatasi zote mbili. Askari akawachukua nyuma ya nyumba. Tulivisikia viboko. Ndugu yao alikuwa amesimama pale ameshika kofia, naye akachukuliwa.

Nikatoa changu.

Karani akahesabu. "Ishirini na tisa." Akarudi nyuma na kidole. "Ijumaa na Jumamosi pako wazi. Ulikuwa wapi?"

"Hitimani, Mikese."

"Ni kweli," akida akasema. "Sinia lake lilikuwa karibu na langu."

Karani akamgeukia Shamsia. "Mama, mumeo amepungukiwa na siku moja tu. Mgomba ulikuwa nao. Kwa nini hukuweka?"

"Hakufanya kazi."

"Lakini ni mumeo!"

"Nyumbani. Hapa mmeniandikia mtu wa kulima."

Akida akaanza kucheka, joho likitikisika. "Wallahi, mimi nisingetaka kulima kwa huyu." Karani hakucheka. Alichukua kipande akaingia ndani kwa Bwana Shauri. Alikaa humo muda mrefu. Shamsia alikuwa ametazama chini kwenye tenga lake. Ndipo nikaona jasho limelowesha kanga yake yote mgongoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Karani akatoka. "Bwana Shauri anasema leo ni siku ya mwisho, na leo bado haijaisha. Fagio liko pale."

Nikafagia uwanja wa boma. Ni uwanja mkubwa, na upepo wa kutoka mlimani hurudisha majani. Nilifagia kwa mkono wa kushoto, nikiupumzisha wa kulia. Shamsia akakaa kwenye kivuli cha ukuta, hakwenda sokoni. Alasiri alisimama akazunguka uwanja taratibu, mikono nyuma.

"Pale kwenye mlingoti hujafika," akasema.

Karani alimsikia. Hapo ndipo alipocheka. Nilipomaliza mlingoti akaweka alama ya thelathini kwa wino wake. Wino ule ulififia baada ya mvua mbili. Alama nyingine zote zipo mpaka leo, kipande ninacho.

Shamsia akanikabidhi shuka mbele yao. Akasema, "Pokea mshahara wako." Nikapokea kwa mikono miwili.

Maneno alipelekwa relini wiki ile ile. Alirudi amekonda, meno yake mawili hayapo, lakini mdomo ule ule. Mimi niliandikwa kwa Shamsia mara tatu zaidi, mpaka boma likaacha kutuuliza watu wa mlimani. Yeye hakuacha. Kila jioni, kipande kisiwepo karani asiwepo, alipita akikagua matuta, kisha akasema leo nimekuandikia, au leo sikuandikii. Sikumbuki siku aliyonipendelea.

Basi asubuhi ile aliposhuka na tenga, mimi nikiwa nimejifunika, alirudi mapema kuliko kawaida. Vitunguu alikuwa ameviacha njiani kwa watu. Alikuwa ameshika ubavu. Akalala. Kilikuwa kichomi, na homa juu yake. Tulimpa dawa ya miti, tukaleta na mtu wa kusoma. Siku ya tatu Mwajuma akafika kutoka Mgeta, alikokuwa amekwenda kuwatazama wakwe zake.

Mimi nilikaa pale pale kwenye kigoda. Nilimpa maji, nilimgeuza. Shambani sikwenda. Majani yalipanda juu ya vitunguu, nilikuwa nayaona kupitia mlangoni.

Siku ya sita, alasiri, alifumbua macho vizuri. Akatazama mikono yangu kwa muda.

"Vitunguu umepalilia?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolala."

Nilijua atakachosema, nikangoja.

"Hukushika jembe hata siku moja," akasema. "Zote sita nakuandikia."